Kabla Hujalipia Chumba cha Balkoni Melini, Uliza Kinatazama Nini

Mtu yeyote aliyezoea feri ya Likoni anaijua hali hii. Umeshaingia, feri imejaa, mama wa mboga ameweka kapu chini, halafu feri haiondoki. Inangoja. Kumbe kuna meli inaingia Kilindini na lazima ipewe njia. Mara nyingi ni meli ya makontena, na watu hulalamika tu. Lakini mara moja moja, hasa kati ya Novemba na Machi, huwa ni meli ya kitalii: nyeupe pe, ndefu kama mtaa mzima, na ubavuni mwake safu juu ya safu ya balkoni ndogo ndogo. Hapo hakuna anayelalamika. Kila mtu anatoa simu kupiga picha.

Mama yangu alivuka kivuko hicho kwenda kufundisha kwa miaka 31. Alipostaafu, tulimuuliza anataka zawadi gani. Hakutaja tanki la maji wala sofa mpya. Alisema, "Mimi nataka siku moja nikae kwenye kibaraza kama kile, ninywe chai yangu, niitazame bahari bila kupanga foleni."

Tuko ndugu wanne. Tukafungua akiba kwenye simu, tukaipa jina "Kibaraza cha Mama", tukachanga kwa miezi 14. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kutafuta chumba. Na mimi ndiye niliyeharibu.

Nimeamua kuandika haya kwa sababu siku hizi wateja wengi huweka akiba na kulipia safari kwa simu, na safari ya melini ni mojawapo ya zile ambazo picha huwa nzuri kuliko maelezo. Ukisoma mpaka mwisho, utajua maswali ambayo mimi sikuuliza.

Kilichotupata

Tulichagua safari ya usiku nne kutoka Durban, Afrika Kusini, kwenda pwani ya Msumbiji na kurudi. Sababu ilikuwa rahisi: tangu Januari 2023 mwenye pasipoti ya Kenya haombi viza ya matembezi kuingia Afrika Kusini, mradi asizidishe siku 90 kwa mwaka. Unachohitaji ni pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ile kadi ya njano.

Wakala wa safari alinipa bei mbili za chumba chenye balkoni. Ya kwanza, nachagua chumba mwenyewe. Ya pili, kampuni ya meli inanichagulia karibu na siku ya kuondoka, na nafuu yake ilikuwa Sh9,000 kwa sisi wawili. Nikajiambia, balkoni si ni balkoni tu? Nikalipa ile ya bei nafuu, nikatuma ujumbe kwenye grupu ya familia, nikapongezwa.

Tulipofika chumbani, mama hakukaa hata kitandani. Alienda moja kwa moja kwenye pazia, akalifungua, akafungua na mlango wa kioo. Mbele yetu kulikuwa na mashua kubwa ya rangi ya chungwa, ile ya kuokolea maisha, imening'inia karibu kabisa na kizuizi. Akaiangalia kwa muda.

"Mwanangu, si ulisema tutaona bahari?"

"Bahari iko, mama. Iko nyuma ya hiyo mashua."

Hakuniambia neno baya. Aliinama upande mmoja akapata kipande cha maji, akasema kinatosha. Lakini nilijua hakitoshi. Usiku huo nilirudia barua pepe ya malipo na nikakuta imeandikwa, kwa herufi ndogo, kwamba chumba kinaweza kuwa na mwonekano uliozibwa. Pesa za miezi 14, na mimi sikusoma mstari mmoja.

Balkoni ziko aina nyingi

Kwa kawaida vyumba vya meli za kitalii hugawanywa mara nne. Kuna chumba cha ndani, kisicho na dirisha kabisa. Kuna chenye dirisha, ambalo kwa kawaida halifunguki. Kuna chenye balkoni. Halafu kuna vyumba vikubwa vya kifahari.

Zamani balkoni ilikuwa ya matajiri wachache. Mwaka 1984 meli iitwayo Royal Princess ilianza kazi ikiwa na sifa ya kipekee: vyumba vyake vyote vya abiria, 600, vilitazama nje. Baada ya hapo kampuni nyingine nazo ziliongeza vyumba vya nje, na leo kuna meli ambazo balkoni ndiyo aina ya chumba iliyo nyingi kuliko zote.

Lakini neno moja limebeba vitu tofauti. Kwenye meli za Royal Caribbean za aina ya Oasis, zilizoanza mwaka 2009, kuna balkoni zinazotazama ndani ya meli yenyewe: unaona bustani au uwanja wa michezo, bahari huioni. Carnival wana balkoni zilizo chini, karibu na maji, ambazo mbele yake kuna ukuta wa chuma badala ya kioo. Ukikaa kwenye kiti, unaona ukuta, mpaka usimame. Kwenye Celebrity Edge ya mwaka 2018, kwenye vyumba vingi unabonyeza kitufe na nusu ya juu ya dirisha inashuka. Hutoki nje, bali chumba chenyewe kinageuka kuwa kibaraza. Na zipo kama yetu, zilizo nyuma ya mashua.

Zote hizi kwenye orodha ya bei zinaweza kuandikwa "balkoni". Kwa hivyo swali la kwanza sio kama kina balkoni. Swali ni: kinatazama nini nikiwa nimekaa?

Piga hesabu ya saa, sio ya picha

Tuseme, kwa mfano tu, chumba cha ndani ni Sh45,000 kwa kila mtu na cha balkoni ni Sh63,000. Tofauti ni Sh18,000. Mkiwa wawili ni Sh36,000. Gawanya kwa usiku nne: balkoni inawagharimu Sh9,000 kila usiku, juu ya bei ya chumba.

Sasa jiulize utaitumia saa ngapi. Giza likishaingia baharini huoni kitu, ila weupe wa povu karibu na meli. Siku ambayo meli imetia nanga na wewe umeenda ufukweni, balkoni inabaki peke yake. Kwa hivyo chukua ratiba ya safari na uhesabu siku ambazo meli iko baharini mchana kutwa. Safari fupi ikiwa na siku moja tu ya namna hiyo, huenda chumba cha ndani kinatosha, na ile Sh36,000 ikalipa sehemu ya nauli ya ndege. Bahari utaitazama kutoka sitaha ya juu, ambayo ni ya kila mtu.

Kuna watu ambao balkoni inawafaa kweli. Mzee ambaye ngazi na umati vinamchosha. Mtu anayebanwa na roho akiwa kwenye chumba kisicho na dirisha. Wazazi wenye mtoto anayelala mchana, ambao vinginevyo wangekaa gizani wakinong'ona. Mtu aliyestaafu anayetaka chai yake kwa utulivu. Kama wewe ni wa kucheza densi mpaka saa nane na kulala mpaka saa nne asubuhi, unalipia kiti ambacho hutakikalia.

Na uache nafasi ya hali ya hewa. Pwani ya kusini-mashariki mwa Afrika kuna mkondo mkali wa bahari uitwao Agulhas, na upepo ukivuma kinyume chake, mawimbi huinuka sana. Safari yetu ilikuwa na siku ya kushuka ufukweni. Asubuhi yake nahodha akatangaza kwamba mawimbi hayaruhusu kushusha watu. Siku nzima tukabaki melini, maelfu ya watu wakigombea viti vya juu. Hiyo ndiyo siku ambayo balkoni ingejilipa yenyewe. Sisi tuliitumia kuangalia mashua.

Soma mchoro wa meli

Kila kampuni ya meli huweka mchoro wa sitaha zake kwenye tovuti, bure. Ufungue kwenye simu, uukuze kwa vidole, utafute nambari ya chumba unachouziwa. Angalia mambo haya.

Kwanza, mashua za kuokolea ziko sitaha gani? Vyumba vya sitaha hiyo, na vile vilivyo juu yake tu, ndivyo vya kuulizia.

Pili, juu yako kuna nini na chini yako kuna nini? Ukiwa chini ya sitaha ya bwawa la kuogelea, utaamshwa alfajiri na viti vinavyoburutwa. Ukiwa juu ya ukumbi wa muziki, utasikia ngoma mpaka usiku wa manane. Chumba kizuri ni kile ambacho juu yake ni vyumba na chini yake ni vyumba.

Tatu, kiko mbele, katikati au nyuma? Mama alipoona abiria wa vyumba vya mbele wakishika kuta kwa kizunguzungu, alicheka akasema, "Wahenga walishasema: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma, na ngama ni kule chini tumboni mwa jahazi. Methali yenyewe ina maana pana, lakini kwa chumba cha meli ichukue jinsi ilivyo. Meli ikipanda na kushuka kwenye mawimbi, ncha zake mbili ndizo zinazosogea zaidi. Ikiyumba ubavu kwa ubavu, sitaha za juu ndizo zinazoyumba zaidi. Kama tumbo lako ni jepesi, tafuta katikati, na usiende juu sana. Kumbuka pia kwamba sitaha ya juu ndiyo mara nyingi huuzwa ghali zaidi, kwa hivyo hapa afya na mfuko vinaelekeana.

Nne, upande gani? Meli ikitoka Durban kuelekea kaskazini, upande wa kulia ndio wa macheo na wa kushoto ni wa machweo. Ikirudi, mambo yanageuka. Kwenye safari za Alaska, meli inayopanda kutoka Vancouver kwenda Seward huwa na bara upande wa kulia, ndiyo maana wengi huuliza upande huo. Lakini safari inayokwenda na kurudi njia ile ile, pande zote zinapata zamu. Usikubali kuongezwa bei kwa ajili ya upande kabla hujatazama ramani.

Bei ya tangazo na bei ya kweli

Bei unayoona kwenye tangazo kwa kawaida ni ya mtu mmoja, na imepigwa hesabu mkiwa wawili chumbani. Ukisafiri peke yako, unaweza kutozwa karibu bei ya watu wawili. Uliza pia kama ushuru wa bandari umeshajumlishwa.

Halafu kuna bakshishi ya wahudumu. Kwenye meli za kampuni kubwa za Marekani, mara nyingi ni kama dola 16 hadi 20 kwa kila mtu kwa kila siku, na hukatwa yenyewe kwenye akaunti yako ya melini. Vinywaji vingi, intaneti na matembezi ya ufukweni hulipiwa kando. Kwa safari za Ulaya, angalia viza kwa makini: kama meli inatoka kwenye nchi za Schengen, inaingia Uturuki au Tunisia kisha inarudi, utahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja.

Andika yote haya kwenye karatasi kabla ya kulinganisha vyumba. Wakati mwingine utagundua kwamba pesa ya balkoni ndiyo pesa ya bakshishi na chakula cha uwanja wa ndege. Bora ulijue hilo ukiwa nyumbani.

Kabla hujabonyeza PIN

Hapa ndipo tunapoweza kukusaidia zaidi.

1. Weka tarehe ya akiba mapema kuliko safari. Kampuni nyingi huchukua amana kwanza, kisha hutaka salio lote miezi miwili hadi minne kabla ya kuondoka. Ukichelewa, unaweza kupoteza nafasi na amana. Kwa hivyo siku yako ya mwisho ya kuchanga ni ile ya salio. Ihesabu kutoka hapo kurudi nyuma, ugawanye kwa miezi.

2. Mchunguze anayekuuzia. Mawakala wa safari nchini Kenya hupewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Omba nambari ya leseni uithibitishe. Ofisi nzuri ya picha mtandaoni sio leseni.

3. Lipa kwa nambari ya biashara, sio ya mtu. Ukiambiwa "tuma kwa hii laini ya mwenzangu, ile ya ofisi ina shida", simama hapo hapo. Na jina la biashara likitokea kwenye skrini, lisome lote kabla ya kuweka PIN. Pesa ikishatumwa kwa mlaghai na akaitoa, kuirudisha ni vigumu sana.

4. Panga malipo makubwa. Kwa sasa muamala mmoja hauzidi Sh250,000, na kwa siku hauwezi kupitisha Sh500,000. Usingoje jioni ya siku ya mwisho.

5. Ukilipa kwa kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na simu, angalia kiwango cha kubadilisha dola siku hiyo, na uache pesa kidogo ya ziada. Muamala ukikataliwa kwa kupungukiwa na Sh200, chumba kinaweza kuchukuliwa na mwingine.

6. Pata maandishi yenye nambari ya chumba, sitaha, aina ya mwonekano, na masharti ya kughairi. Yasome. Kama umechagua bei ya "kampuni itakuchagulia", jua kwamba umeuza haki ya kulalamika kwa ile nafuu uliyopewa.

7. Hifadhi ujumbe wa kuthibitisha malipo, na upige picha ya skrini. Na kama kawaida, hakuna mfanyakazi wetu atakayekupigia kukuuliza PIN. Hakuna.

Ukishafika kwenye kibaraza chako

Balkoni ina adabu yake. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 inataka vizuizi vya meli za kitalii zinazohusika viwe na urefu wa angalau inchi 42, karibu sentimita 107. Urefu huo unasaidia mradi hujapanda juu ya kiti. Ukiwa na watoto, sogeza viti na meza mbali na kizuizi, na ufunge mlango kwa kitasa cha juu.

Usivute sigara nje hata kama hakuna anayekuona. Tarehe 23 Machi 2006, moto ulianza kwenye balkoni ya meli iitwayo Star Princess ikielekea Jamaika, na sigara iliyotupwa ndiyo iliyoshukiwa. Ulisambaa kutoka balkoni hadi balkoni, ukaunguza vyumba vingi, na abiria mmoja alifariki. Sheria za kimataifa za usalama wa meli zilibadilishwa baada ya hapo, na kampuni nyingi zikapiga marufuku sigara kwenye balkoni.

Na usianike nguo kwenye kizuizi. Upepo wa baharini hauombi ruhusa.

Mama anasemaje sasa

Siku ya mwisho, tukirudi Durban, niliamka saa kumi na moja asubuhi nikakuta kitanda cha mama kitupu. Nilimpata sitaha ya juu, kwenye kiti cha wote, amejifunga leso mbili, kikombe cha chai mkononi, jua linachomoza. Nikakaa kando yake. Nikamwomba msamaha, kwa mara ya tano nadhani.

Akasema, "Wacha. Chai ni ile ile." Kisha, baada ya kunywa, "Lakini tukirudi tena, uliza kwanza."

Ile akiba tumeifungua upya. Jina ni lile lile, kiasi tumeongeza kidogo, na tarehe tumeweka ile ya salio. Nimeshapakua mchoro wa sitaha kwenye simu, na kuna vyumba vitatu nimevizungushia duara: katikati ya meli, sitaha mbili juu ya mashua, juu vyumba, chini vyumba. Mama ameviangalia kwa miwani yake ya kusomea, akachagua kimoja kama alivyokuwa akisahihisha daftari. Pesa bado hatujatuma. Tunangoja wakala atuandikie kile chumba kinatazama nini.